Somo la Ufundi: Kukata Matabaka kwa Pamoja na Kushona Mfarishi wa Viraka



Katika kila kiwanda cha nguo kuna chumba kimoja ambacho makosa yake hayarudi nyuma. Ni chumba cha kukatia. Mshonaji akikosea hufumua uzi akashona upya. Mpiga pasi akikosea hunyunyiza maji akarudia. Lakini mkataji akikosea, hakosei nguo moja, bali zote zilizo chini ya kisu chake. Matabaka sitini, makosa sitini. Na kidole kikishakatwa hakifumuliwi.

Tunaposema matabaka katika somo hili hatusemi yale ya matajiri na maskini. Tunasema ya kitambaa. Tutajifunza namna ya kupanga vitambaa juu ya vitambaa na kuvikata kwa mara moja, na tutatumia kazi ndogo ambayo hata ndugu zetu wa mashamba ya chai na miwa wanaweza kuifanya nyumbani, yaani mfarishi wa viraka. Anayeijua kazi hii ndogo ataelewa kiwanda kizima. Tena atapata kitu cha kujifunika wakati wa baridi.

1. Kazi hii ilitoka wapi

Zamani fundi alikata nguo moja moja kwa mkasi. Katika miaka ya 1850, John Barran, mwenye kiwanda cha nguo mjini Leeds, Uingereza, aliona msumeno wa utepe uliokuwa ukikata mbao. Akaubadili ukate vitambaa vingi vilivyopangwa pamoja. Mwaka 1888 huko Buffalo, Marekani, kampuni ya Eastman ilileta kisu cha umeme ambacho mkataji hukisukuma kwa mkono juu ya meza. Kisu cha namna hiyo, chenye wembe wa wima unaopanda na kushuka, ndicho wengi wetu tunachokijua hadi leo. Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu kidogo cha gurudumu, chenye wembe wa mviringo kama sarafu, nacho kikawarahisishia kazi washonaji wa nyumbani.

Angalieni jambo moja. Kila chombo kipya kiliongeza idadi ya matabaka kwa mkono mmoja. Faida iliongezeka kwa kila tabaka, na hatari iliongezeka pamoja nayo. Tutarudi kwenye jambo hili.

2. Kanuni nne za rundo

Kanuni ya kwanza: jua nyuzi zako. Kitambaa kina nyuzi za urefu, yaani mtande, na nyuzi za upana, yaani mshindio. Mtande hauvutiki sana, mshindio huvutika kidogo. Ukivuta kitambaa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, hunyumbuka kama mpira. Kwa hiyo matabaka yote yapangwe mtande ukielekea upande mmoja. La sivyo, kipande kimoja kitanyooka na jirani yake atajikunja.

Kanuni ya pili: usivute wakati wa kutandika. Kitambaa kilichovutwa hukaa kimya chini ya kisu, kisha kikiachiwa hurudi. Hapo ndipo shati la saizi kubwa linapotoka likiwa la saizi ya kati, na mkataji analaumiwa ilhali kosa lilifanyika mezani kabla ya kisu kuwashwa. Tandika, lainisha kwa kiganja, acha kipumzike.

Kanuni ya tatu: linganisha upande mmoja. Vitambaa haviwi na upana sawasawa. Ukijaribu kulinganisha pande zote mbili hutapata hata mmoja. Chagua ukingo mmoja, uite ukingo mkuu, na kila tabaka lifuate huo.

Kanuni ya nne: kisu kiwe wima. Kisu kikiinama kidogo tu, tabaka la juu na la chini hayatakuwa na kipimo kimoja. Katika rundo la matabaka manne huoni tofauti. Katika rundo la matabaka themanini tofauti yake humfikia mnunuzi.

Kwa vitambaa vya nailoni na poliesta kuna jambo la kuongeza. Wembe unaokwenda kasi hupata joto, na joto huyeyusha kingo zikagandamana. Dawa yake ni kupunguza mwendo, kupunguza matabaka, na kunoa wembe. Wengi hutaka kusukuma kwa nguvu zaidi. Hiyo si dawa.

3. Vifaa na hesabu ya mfarishi

Sasa tuingie kazini. Tutashona mfarishi wa miraba 42, sita kwa upana na saba kwa urefu. Tafuta vitambaa vya rangi sita, vyote vya pamba na uzito unaokaribiana. Suruali nzito ya kazi usiichanganye na khanga, kwa sababu mshono utavuta upande mmoja. Nguo kuukuu zinafaa sana, ila zifuliwe na kupigwa pasi kwanza. Kitambaa kipya nacho kifuliwe, kinywee kabla ya kukatwa kuliko baadaye kitandani.

Kwa kila rangi kata miraba 7 ya sentimeta 30 kwa 30. Ukinunua kitambaa chenye upana wa sentimeta 115, urefu wa sentimeta 90 uliobaki baada ya kufuliwa unatosha kwa rangi moja, tena utabaki na ziada. Rangi sita mara miraba saba ni miraba 42. Ipange katika marundo 7, kila rundo lina rangi zote sita.

Vifaa vingine ni rula ndefu au ubao ulionyooka, chaki, pini, uzi wa pamba, cherehani au sindano ya mkono, na pasi. Mwenye kisu cha gurudumu na mkeka wake atakata matabaka sita kwa mara moja. Mwenye mkasi asijidanganye, kwani mkasi wa kawaida hukata vizuri matabaka mawili au matatu, na zaidi ya hapo la chini huteleza. Huyo achore mistari juu ya karatasi, karatasi iwe kigezo, kisha akate matabaka matatu, na tena matatu, kwa kigezo kilekile.

4. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza. Panga miraba sita ya rangi sita, moja juu ya nyingine, uso ukitazama juu. Linganisha ukingo mkuu na pembe moja. Tia pini, lakini mbali na mahali patakapopita kisu.

Hatua ya pili. Kata mstari wa kwanza kutoka juu hadi chini, ukiinama kidogo. Usiupitishe katikati kabisa, kwani uzuri wa mfarishi huu ni kutolingana. Sasa una rundo la kushoto na rundo la kulia.

Hatua ya tatu. Rundo la kushoto likate kwa upana, mstari ukiinama kidogo, upate kipande A juu na kipande B chini. Rundo la kulia nalo likate kwa upana mahali pengine, upate C juu na D chini. Usiondoe vipande mezani. Viache vikae kama mraba.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha somo. Kila kipande sasa ni rundo dogo la rangi sita. Rundo A usiliguse. Katika rundo B, chukua tabaka moja la juu uliweke chini kabisa. Katika rundo C, hamisha matabaka mawili ya juu, moja baada ya jingine. Katika rundo D, hamisha matatu.

Tuhesabu. Tuziite rangi zetu 1, 2, 3, 4, 5 na 6 kutoka juu. Baada ya kuhamisha, juu ya A kuna rangi 1, juu ya B kuna 2, juu ya C kuna 3, juu ya D kuna 4. Mraba wa kwanza una rangi nne tofauti. Chini kabisa A ina 6, B ina 1, C ina 2, D ina 3. Nao una rangi nne tofauti. Jaribu wewe mwenyewe kwa mraba wa tatu kabla hujashona. Umekata mara tatu tu, ukapata miraba sita, na hakuna uliofanana na mwenzake.

Hatua ya tano. Shona kwa kurudi nyuma, yaani ulichokata mwisho ndicho unachoshona kwanza. Unganisha A na B. Unganisha C na D. Piga pasi. Kisha unganisha upande wa kushoto na wa kulia. Acha nafasi ya mshono ya robo tatu ya sentimeta kila upande. Anayeanza kwa kuunganisha A na C atakwama, kwa sababu mistari yao haikutani.

Hatua ya sita. Kila mshono umekula sentimeta moja na nusu, na zaidi kidogo pale mstari ulipoinama. Mraba wako wa sentimeta 30 sasa umepungua. Upunguze kingo mpaka ubaki sentimeta 28 kwa 28, na miraba yote 42 iwe hivyo hivyo. Usiruke hatua hii. Hapa ndipo mfarishi wa fundi unapotengana na wa mbahatishaji.

Hatua ya saba. Unganisha miraba sita kwa safu, kisha safu saba. Kila mraba utabaki na sentimeta 26 na nusu zinazoonekana. Sita zinatoa sentimeta 159, saba zinatoa sentimeta 185 na nusu. Huo unafunika kitanda cha futi nne na kuning'inia pembeni.

Hatua ya nane. Tandaza bitana chini, uso ukitazama sakafu. Juu yake weka blanketi jembamba lililochakaa au pamba ya kujazia. Juu kabisa weka viraka vyako. Shikiza kwa uzi mrefu kutoka katikati kwenda pembeni, makunyanzi yafukuzwe nje. Kisha piga bandi kupita matabaka yote matatu, mstari kwa mstari, wala usiache nafasi pana, kwani pamba isiyoshikwa hukusanyika pembeni baada ya kufuliwa. Malizia kwa taraza kuzunguka kingo zote.

5. Kwa nini kiwandani hatuchanganyi

Msomaji mwangalifu atauliza: ikiwa hapa tunachanganya matabaka kwa makusudi, mbona kiwandani msimamizi anafoka yakichanganyika?

Swali zuri. Majora mawili ya kitambaa cha buluu hayana buluu moja. Yametiwa rangi siku mbili, au katika mapipa mawili. Kwa hiyo shati lazima lishonwe kwa vipande vya tabaka moja, mgongo wa tabaka la 17, mikono ya tabaka la 17, kola ya tabaka la 17. Ndiyo sababu kuna kazi ya kubandika namba kwenye kila kipande na kufunga mabunda kwa tiketi. Wengine huidharau kazi hiyo, na mara nyingi malipo yake ni madogo. Lakini mfarishi wetu umekwisha kutuonyesha ukweli. Hamisha tabaka moja tu katika rundo moja, na kuanzia hapo kila nguo ni ya rangi mbili, hadi mwisho wa bunda. Anayebandika namba ndiye anayezuia hasara hiyo. Tunapojadili viwango vya mishahara, tuikumbuke hesabu hii.

6. Vidole vyetu

Sasa nitasema jambo nililoliona kwa macho yangu, katika kiwanda nilichofanya kazi zamani.

Tulikuwa na glavu moja ya chuma iliyofumwa, kwa wakataji watatu. Ilifungiwa stoo na ufunguo alikuwa nao msimamizi wa mchana. Zamu ya usiku ilifanya kazi mkono mtupu. Usiku mmoja oda ya mashati ilikuwa imechelewa, tukaambiwa tupandishe rundo kutoka matabaka 60 hadi 100. Kinga ya kisu, ile inayoteremshwa mpaka iguse tabaka la juu, ilikuwa imefungwa juu kwa kamba ili isichelewesha kazi. Rundo refu hukataa kutulia, na mkono wa kushoto hulazimika kulibana karibu na wembe. Mwenzetu alipoteza ncha za vidole viwili.

Asubuhi tulikuta ripoti imekwisha kuandikwa: uzembe wa mfanyakazi.

Tulikaa kama tawi. Hatukupiga kelele. Tulichukua karatasi tukaandika saa ya ajali, idadi ya matabaka, nani alitoa amri ya kuyaongeza, kinga ilikuwa wapi, kamba ilikuwa na urefu gani, glavu ilikuwa wapi na ufunguo kwa nani. Watu wanne tulitia sahihi siku ileile. Karatasi ile ilikwenda mezani pamoja na ripoti ya uongozi. Neno uzembe likafutwa, na mwenzetu akalipwa fidia. Vidole havikurudi. Lakini hakufukuzwa kazi mikono mitupu, na tangu wiki ile glavu tatu zilining'inia ukutani penye meza.

Kwa hiyo kila mkataji ashike haya:

Glavu huvaliwa mkono unaoshika kitambaa, si mkono unaoendesha kisu.

Kinga iteremshwe mpaka karibu na tabaka la juu kabla ya kuwasha.

Zima mashine na utenge umeme kabla ya kubadili au kusafisha wembe.

Kimo cha rundo kisizidi kile alichokiweka mtengenezaji wa mashine, hata oda iwe imechelewa vipi.

Nyumbani nako: kisu cha gurudumu kifungwe wembe wake kila unapokiweka chini, kisukumwe mbali na mwili, na vidole visivuke ukingo wa rula. Watoto wako karibu.

Na jueni kwamba haya si maombi ya hisani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 119 wa mwaka 1963 unahusu kinga za mashine. Unasema mfanyakazi asitumie mashine ambayo kinga zake haziko mahali pake, wala asiambiwe aitumie. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkataba huo wa pili uliingizwa katika mikataba ya msingi ya shirika hilo. Ukikatwa mshahara kwa ajili ya glavu, peleka shauri kwenye tawi lako.

7. Mabaki ni ya nani?

Somo hili litawatamanisha wengi kuchukua mabaki kutoka chini ya meza ya kukatia. Ndugu, tuwe waangalifu. Kipande cha kiganja kimoja kilichokuwa kikienda kutupwa kinaweza kuitwa wizi getini, na mtu wa miaka kumi na tano kazini akapoteza kiinua mgongo chake kwa kiraka.

Njia iliyo salama ni hii. Tawi liombe kwa maandishi kwamba mabaki yasiyo na kazi yagawiwe au yauzwe kwa wafanyakazi kwa bei ndogo. Siku ya kugawa ijulikane. Kila anayetoka nayo awe na hati yenye tarehe, uzito na sahihi. Uongozi ukikataa, basi umekataa, na tutatumia nguo kuukuu. Lakini mtu asitoke na kitu kwa ahadi ya mdomo ya msimamizi, kwa maana msimamizi huhamishwa na mdomo wake huenda naye.

8. Mfano kutoka mbali

Katika jimbo la Alabama, Marekani, ndani ya wilaya ya Wilcox, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kilichozungukwa na mto pande tatu. Kilikuwa shamba kubwa la pamba lililolimwa na watumwa. Utumwa ulipokwisha, watoto wao walibaki palepale wakilima ardhi ya wengine. Wanawake wao walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa na magunia, wapate joto katika nyumba zisizozuia upepo.

Katika miaka ya 1960 watu weusi wa wilaya hiyo walifukuzwa mashambani kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1966 wanawake waliunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, wakiuza mifarishi hadi New York. Estelle Witherspoon alikuwa meneja wake kwa miaka mingi. Mwaka 1972 walipata mkataba na kampuni ya Sears wa kushona foronya za korduroi. Mabaki ya korduroi hiyo hayakutupwa. Yalikwenda majumbani, na yakawa mifarishi mingine. Ushirika huo ulifunga shughuli zake mwaka 2012, lakini mifarishi ya Gee's Bend imetundikwa katika makumbusho makubwa, na mwaka 2006 posta ya Marekani iliitoa kwenye stampu.

Hawakuanza na mtaji. Walianza na mabaki, ustadi wa mkono, na umoja wa kukubaliana bei. Na hivyo viwili vya kwanza sisi tunavyo tayari.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Rundo lina rangi sita. Baada ya kuhamisha kama tulivyofundishwa, mraba wa tano utakuwa na rangi zipi?

2. Katika chumba chenu cha kukatia, kimo cha juu cha rundo ni kipi, nani alikiweka, na je, kimebandikwa ukutani?

3. Glavu ziko ngapi, ziko wapi sasa hivi, na zamu ya usiku huzipata namna gani?

4. Mabaki ya kiwanda chenu huenda wapi? Je, kuna maandishi?

Jibu la swali la kwanza ni hili: A ina 5, B ina 6, C ina 1, D ina 2. Majibu ya maswali mengine matatu hayako katika ukurasa huu. Nendeni mkayatafute mezani, kabla ya zamu ijayo kuwasha kisu.